Uji wa Mtoto wa Mgeni

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu hapa Bariadi mjini, lilisomwa lile somo la kumpokea mgeni. Padre alihubiri vizuri, nisimsingizie. Mama mmoja mbele yangu alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akasimama katibu na matangazo yake: mazoezi ya kwaya Jumatano, choo kinahitaji mchanga, na yeyote anayemjua mhamiaji haramu atoe taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa. Tukapiga makofi. Binti yangu akanivuta mkono.

"Mama, sasa mgeni tumkaribishe au tumripoti?"

Nikamwambia anyamaze, tuko kanisani. Lakini swali hilo ninalo tangu nikiwa na umri wake, kule Kasoli kwa bibi.

Ungeiona Kasoli ya msimu wa pamba, ndugu yangu! Kila uwanja ulikuwa na rundo jeupe, na sisi watoto tukitoka shule tulikaa chini kuchambua: safi huku, na fifi, ile iliyochafuka na kuliwa na wadudu, kule. Vidole vilichanika kwa ncha za vitumba vikavu, bibi akatupaka samli. Mchana tulikula michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa juani, iliyochemshwa na karanga. Mpaka leo nikinusa viazi vikichemka, nasikia kikohozi cha bibi.

Msimu mmoja akaja mgeni. Mwanamke kijana kutoka Burundi, mtoto mgongoni, ametoka bila kibali katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma kumtafuta mumewe aliyesemekana anachunga ng'ombe huku kwetu Usukumani. Hakumpata. Alipiga magoti pale mwanzo wa uwanja, akasalimia, bibi akaitikia na kumsogezea kigoda. Kwa bibi mgeni hakuulizwa anakotoka mpaka ashibe. Aliposhiba akajieleza, na bibi akasema tu, "Basi, chambua pamba na mjukuu wangu." Majirani tuliwaambia ni mkwe wetu kutoka Mwanhuzi, na sisi watoto tukamwita Mkwe tu.

Jamani, yule mwanamke alikuwa na mikono myepesi! Alichambua huku akinyonyesha, na fungu lake lilikuwa kubwa kuliko letu sote. Ila mtoto alikuwa na homa isiyokwisha. Kila asubuhi bibi alimpikia uji wa mtama uliotiwa maziwa, akampulizia kijiko kwa kijiko. Mimi alinishika sikio mapema kabisa: "Ya hapa yaishie hapa. Umesikia?" Nilisikia vizuri sana.

Sasa ngoja nikwambie ujinga wangu. Jumamosi tulikuwa na mafundisho ya komunyo ya kwanza, na katekista alianza kila mara kwa kuuliza nani ametenda tendo jema wiki hiyo. Mmoja alimtekea maji mjane, mwingine alirudisha mbuzi wa jirani. Aliyeshinda alipewa rozari ya plastiki. Mimi nilikuwa sijawahi kushinda hata siku moja, na roho iliniuma. Nikasimama, kifua mbele.

"Sisi nyumbani tunamficha mkimbizi. Na mtoto wake anaumwa."

Katekista akaagiza nipigiwe makofi, akanivisha rozari nyeupe kwa mkono wake mwenyewe. Nilirudi nyumbani mbio, lakini nilipomwona bibi niliificha ndani ya gauni. Kumbe nilishajua nimekosa.

Jumatatu asubuhi walikuja sungusungu, wale walinzi wa kijiji, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, na gari. Katekista alikuwa nao, amevaa shati lake la kanisani.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia bibi kwa heshima zote. "Sheria ni sheria. Dini haituambii tuvunje sheria."

Bibi hakuitikia salamu, na kwetu hilo ni jambo zito. "Unawafundisha watoto kutenda mema," alisema, "ili ujue uyafuate nyumba gani?"

Mgeni hakulia. Aliweka chini pamba iliyokuwa mkononi, akajifunga mtoto mgongoni. Uji ulikuwa bado jikoni. "Subirini basi, mtoto ana homa!" bibi alipiga kelele, akaja anakimbia na bakuli, uji ukimwagikia vidole. Dereva alisema safari ni ndefu. Majirani, wale wale waliokula naye michembe, walisimama nje ya ua wa minyaa wakitazama miguu yao.

Gari lilipoondoka, bibi alinikalisha kwenye kile kigoda, akanipa bakuli. "Kunywa." Nikanywa wote. Hakunichapa, na Mungu anajua nilitamani anichape. Alisema tu, "Hiyo rozari usiivae humu ndani."

Tangu siku hiyo, kila sala ya jioni aliwataja kwa majina, mama na mtoto, kabla hata ya kuwataja marehemu wetu. Mimi nilikuwa naziba masikio kwa aibu.

Bibi alishafariki. Ule ua ulikatwa, mjomba amejenga pale nyumba ya bati. Juzi jioni nilimweleza binti yangu yote haya, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema basi tuwaombee. Walikuwa wanaitwa nani?

Sijui. Aliyekuwa anawataja alikuwa bibi peke yake. Mimi nakumbuka uji tu, kwamba ulikuwa mtamu.