Uso Ambao Njoka Hakuruhusiwa Kuutazama

Njoka wa Majimbo alikuwa mchoraji, na ukimwita mpaka rangi alinuna siku nzima. Mabango ya hoteli na bucha aliyachora kwa ajili ya tumbo. Kazi ya moyo wake ilikuwa sura za watu. Alikukalisha kwenye stuli barazani, pale Embu mjini, akakwambia utulie kama maji ya mtungi, kisha akakutazama bila haya hadi ukajiuliza kama umenawa uso. Miaka hiyo ya themanini kila mwalimu na mfanyabiashara alitaka sura yake sebuleni. Mimi nilikuwa fundi wa cherehani mlango wa pili, na nilimwona kila siku. Kuchora kutoka kwenye picha ya kamera hakukubali kamwe. "Picha haipumui," alisema.

Mtu mmoja tu hakumchora: mkewe, Rwamba. Si kwamba hakutaka. Rwamba akikaa kwenye stuli alikumbuka githeri iko motoni, akainuka. Au mteja akabisha hodi, na Njoka akasema kesho. Mimi huyo kesho simpendi tangu zamani. Malaria ilimchukua Rwamba kabla ya Krismasi, bila kuacha mtoto. Picha pekee iliyobaki ilikuwa ya harusi, na ndani yake ameinamisha kichwa, kama bibi harusi wa heshima alivyotakiwa. Unaona shela na ncha ya pua.

Basi Njoka akaanza kumchora kwa kumbukumbu. Macho yalikuja, paji la uso likaja, mdomo ukakataa. Alichana karatasi baada ya karatasi. Jioni moja nilimkuta ameketi kwenye stuli ya wateja, analia waziwazi.

"Mama Munyi, nimeanza kumsahau," akasema.

Nilimhurumia, lakini pia alinikera, maana dawa yake ilikuwa inauza ndizi soko la Runyenjes.

"Mdomo wa Rwamba ni wa mamake," nikamwambia. "Nenda ukamchore."

"Wewe uko na wazimu? Mama mkwe! Hiyo uso mimi sijawahi angalia hata siku moja."

Na ilikuwa kweli. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, tunaiita nthoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye majani. Watu wa kanisa wameilegeza siku hizi, lakini Njoka alilelewa na nyanyake, na alipomsalimia mama huyo alivisalimia viatu vyake mwenyewe. Mtu anayeishi kwa kutazama nyuso! Nilichoka. Siku ya soko nikaenda Runyenjes, nikamweleza yule mama yote. Alinisikiliza, akanifungia ndizi nilizonunua, akageukia mteja mwingine.

Wiki iliyofuata akaja, leso imemfunika hadi kwenye nyusi, akaketi kwenye stuli bila kukaribishwa. Njoka alipoitambua leso yake aligeukia ukuta.

"Geuka," mama akasema.

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Nthoni inafunguliwa na zawadi ya blanketi, hata wazee wanajua. Leta blanketi unifunike mabega, halafu uangalie." Sauti yake ikapungua. "Hata mimi ameanza kunipotea, Njoka. Hata mimi nataka kumuona."

Njoka akakimbilia dukani. Akipita mlangoni kwangu alininong'oneza kwamba mikunjo ya uzee ataifuta, ili abaki na Rwamba wake wa ujana. Alirudi na blanketi jekundu, akamfunika mama mabegani huku bado anatazama sakafu. Kisha akainua macho. Penseli ilikwenda moja kwa moja kwenye mdomo, na haikupumzika hadi jua lilipohama barazani. Mimi niliacha nguo ya mtu chini ya sindano, nikasimama pale nikitazama.

Alipomaliza alichukua raba, akaisogeza kwenye shavu la ile sura, mkono ukakwama. Mama akanyoosha shingo kuona. Akagusa karatasi kwa kidole.

"Mwanangu," akaiambia ile sura, "kumbe ungezeeka vizuri hivi."

Njoka akaweka raba chini.

"Nilitaka tuzeeke na yeye, mama," akasema, akimtazama usoni.