Herufi Nilizomuuzia Muuza Karanga

Aibu hii, jamani, nilifungiwa kwenye karatasi, nikaihesabu mara mbili, nikaibeba mwenyewe hadi Chang'ombe.

Nilinunua mnadani kamusi nene ya Kiingereza, ile inayotaja kila neno na asili yake. Nikaona mzigo mkubwa kwa mtu mmoja, nikabaki na A mpaka M, nusu ya pili nikabadilishana na muuza karanga wetu wa Temeke kwa taa ya chemli (kioo hakina ufa, nilikikagua mara mbili). Kwani watu wanauliza maneno mangapi? Mazungumzo nikawa nayavuta yasivuke M, na mtaa mzima ukaniita Kamusi.

Sifa zikamfikia Mzee Mathayo, karani mstaafu, baba yake Anjela niliyekuwa nikimposa. Alishawakataa wachumba wawili kwa Kiingereza chao kibovu, akamwambia baba yangu mdogo, ndiye mshenga, anipeleke kwake Chang'ombe, mzee anisikie mwenyewe. Mikono mitupu haiendi ukweni, nikapita kwa yule yule muuza karanga, nikabishana naye mpaka kwa bei ya vifuko kumi akanipa kumi na viwili.

Sebuleni sikutulia, makalio nusu kitini nusu hewani. Mzee akafungua kifuko, akamimina karanga kwenye sahani, akaiangalia ile karatasi kitambo, kisha akaniuliza taratibu: neno "salary", yaani mshahara, asili yake nini?

S! Ningesema sijui, yangeishia pale. Nikasema zamani Uingereza palikuwa na tajiri, Bwana Salari, wa kwanza kuwalipa vibarua wake kila mwisho wa mwezi, na alipokufa walimlilia siku saba (kilio sijui nilikiongeza cha nini). Baba mdogo akanitazama kwa fahari.

Mzee akainyoosha karatasi gotini.

"Hapa wanasema limetokana na chumvi," akasema. "Askari wa Kirumi walipewa fedha ya kununulia chumvi. Huyo Bwana Salari simwoni, labda yuko kifuko kingine."

Vifuko nilivihesabu, kuvisoma sikuvisoma. Nikakiri yote, hadi taa.

"Nenda, mwanangu. Ukizipata N mpaka Z, urudi tuzungumze."

Masika nzima nilikula karanga mpaka nikachukia harufu yake. Anjela nilimpata nikiwa nimefika W, mzee kachoka kusubiri.

Tangu hapo nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, nasema mara mbili, nisije nikasikika vibaya.