Utando Chini ya Kishikio cha Kisu

Siku yangu ya kwanza karakanani Kilifi nilivaa viatu vya kaka yangu, na kimoja kilinibana hata leo kidole hakijanyooka. Lakini hayo tuyaache. Ilikuwa miaka ya themanini, nimetoka Jilore na darasa la nne langu. Fundi Mkuu, mtu wa Mambrui, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mikono hiyo ni ya jembe?"

"Ndiyo."

"Basi ijifunze adabu. Chuma hakipaliliwi."

Akanionyesha lethi, mashine ya kukereza. Chuma kinazunguka, kisu kinakila taratibu. Kisu hukazwa kwa boliti kwenye kishikio, na kishikio hukaa juu ya meza yake. Kikicheza hata unywele, kazi imeharibika. Tulikuwa tukichonga shafti, zile fimbo za chuma zinazozunguka, za pampu na za mitambo ya mkonge.

Sasa, Kilifi adui ni chumvi ya hewani. Kila Jumamosi kabla ya kufunga tulipaka mashine mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayopakwa mbao za vyombo vya baharini. Amri hiyo ni ya Fundi Mkuu mwenyewe. Na yanachoma! Shemeji yangu alijifuta uso kwa kitambaa changu, akakosa harusi ya dada yake kwa malengelenge.

Basi ikafika wakati lethi ikaanza kulia. Shafti zikatoka na mistari kama bati la paa. Meneja, mtu wa bara, mpole, asiyepandisha sauti, akaja.

"Mzee, nimevumilia. Mashine imezeeka. Ijumaa anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, na kazi zitapelekwa Mombasa."

Hapo sote tulijua tunarudi nyumbani.

"Nipe shafti moja, Bwana Meneja," Fundi Mkuu akasema. "Ikitoka mbaya, nami uniuze kwa kilo."

"Wewe mwembamba mno, mzee. Hutaleta hela. Haya, jaribu."

Tulicheka, lakini kicheko cha woga.

Nilichokipenda kwa yule mzee ni kwamba hakurukaruka. Alianzia kwenye ncha ya kisu, akashuka. Kisu kimetokeza mno? Akakirudisha ndani, kibaki kifupi. Mashine ikalia. Ncha iko sawa na kitovu cha shafti? Iko, lakini chini ya kisu tulikuwa tumepanga vipande vya kopo la samli ili kukiinua, na vilikuwa vinabonyea kama godoro. Akaviondoa, akaweka kipande kimoja kinene cha chuma. Kilio kikapungua, hakikuisha.

"Tukaze boliti zaidi," nikasema.

"Ukikaza juu ya uchafu, mwanangu, umekaza uchafu."

Akatoa karatasi ya sigara mfukoni, akaichomeka chini ya pembe ya kishikio. Ikapita, maana yake kishikio hakikulala sawasawa juu ya meza. Akakifungua kishikio chote, akakipindua. Kumbe chini kuna utando mweusi, mgumu, unang'aa, umeshika vumbi la chuma. Mafuta ya korosho yalikuwa yakipenya Jumamosi baada ya Jumamosi, yakagandia humo.

Meneja alikuwa amesimama palepale. Fundi Mkuu angeweza kutaja chumvi, au uzee wa mashine, au sisi. Na nani angembishia?

"Bwana Meneja, mashine haina kosa. Kupaka mafuta haya ni amri yangu. Mimi ndiye niliyeitia ugonjwa."

"Unajua naweza kukuachisha kazi?"

"Najua. Lakini kwanza tukwangue."

Tulikwangua kwa bamba la shaba nyeupe, lisitie mikwaruzo, tukaosha kwa mafuta ya taa. Shafti ikatoka laini. Meneja akapitisha ukucha juu yake, akarudia tena. Ijumaa mnunuzi alipofika, alipewa soda akaondoka na gari tupu.

"Na Jumamosi mtapaka nini?" Meneja akauliza.

"Grisi, na chini ya kishikio tutakuwa tukifungua na kufuta."

"Basi baki uwasimamie."

Baadaye nilifanya kazi Malindi chini ya wakuu wengi, wengine wakijua hesabu kuliko yule mzee. Sasa nimestaafu, vijana huniuliza habari za visu na boliti, nami huwaeleza. Lakini nikiwa peke yangu namkumbuka yeye. Wakuu wengine walinionyesha makosa yangu, na nawashukuru. Yule alituonyesha la kwake, mbele ya mtu aliyeweza kumfukuza, kisha akainama kukwangua.