Kupima Oili Injini Ikiwaka

Miaka ile baada ya mkataba wa amani, magari ya otomatiki yalianza kuingia Juba kwa wingi kutoka Uganda na Kenya. Usukani wake ulikuwa upande wa kulia, na barabara zetu pia ni za kupita kulia, kwa hiyo ukitaka kulipita lori ulilazimika kumuuliza abiria kama njia ni nyeupe. Mimi niliendesha moja la magari hayo. Lilikuwa dogo, jeupe, mali ya mwalimu Mkenya aliyefungua shule ya chekechea mtaani Atlabara. Nilikuwa nimerudi kutoka Kitale, ambako shangazi yangu alinilea na nikasoma hadi darasa la saba. Nadhani Mwalimu aliniajiri kwa sababu niliendesha polepole na sikuwa na maneno mengi. Kila asubuhi nilizunguka mitaa ya Nyakuron na Malakia nikichukua watoto, nikawashusha shuleni, kisha nikarudi kuchukua wengine.

Madereva wa magari makubwa waliniita Mguu Mmoja, kwa sababu gari langu halikuwa na klachi na mguu wa kushoto haukuwa na kazi. "Mguu Mmoja, huo mwingine umeukodisha kwa nani?" waliniuliza. Nilicheka nao.

Mvua zilipoanza, gari lilianza kusitasita. Nikiweka gia ya kwenda mbele, halikwenda. Nilihesabu moja, mbili, tatu, ndipo likashtuka na kuondoka. Kwenye mwinuko wa kutoka upande wa mto, injini ilinguruma lakini magurudumu yalikaa kama hayajaambiwa kitu. Watoto walizoea kuhesabu pamoja nami kwa sauti. Siku Mwalimu alipopanda akasikia wanafika sita, alisema gari liende kwa fundi.

Fundi alikuwa Mganda, mtu mzima, mwenye karakana Malakia. Hakuna dereva aliyebishana naye. Tulipofika, kabla hata ya kutusalimia, alinipa ishara ya mkono kwamba nizime. Petroli siku zile ilikuja na kukatika, na watu wa Juba walizima injini mara tu gari liliposimama. Fundi huyu hakupenda kutazama injini inayokunywa petroli ya mtu bure. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta kwenye mkono wa ovaroli yake, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili nyekundu ilikuwa imepita alama ya juu. Alimwonyesha Mwalimu.

"Oili iko mingi, Mwalimu. Hii giaboksi imekufa. Hapa Juba hakuna, mpaka Kampala."

Nilikuwa nimesimama hapo karibu, na nilijua jambo moja. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimepima oili ile ile shuleni, karibu na tangi la maji. Asubuhi hiyo gari lilikuwa limekataa kuwaka mpaka likaunganishwa na betri ya gari jingine, kwa hiyo niliogopa kulizima, nikapima injini ikinguruma. Kijiti kilitoka kikavu, kimelowa kwenye ncha tu. Jioni nilipima tena, injini imezimwa, oili ikawa imepita alama. Sikuwa nimeongeza hata tone. Nilifikiri asubuhi sikuona vizuri.

Pale kwa fundi sikusema. Alikuwa rika la baba yangu, na madereva wanne walikuwa wamekaa juu ya matairi wakisikiliza. Tena niliogopa kwamba nikisema oili iongezwe, na giaboksi ikafa kweli, itakuwa mimi ndiye niliyeiua.

Kesho yake, Jumatano, Mwalimu aliniita darasani watoto wakiwa nje. Alisema hana pesa za giaboksi ya Kampala. Kuna mtu amekubali kulichukua gari kama lilivyo, alivunje auze vipande, naye atakuja Jumamosi. Watoto watabebwa na gari la kukodi, na gari hilo lina dereva wake. Alisema ataniandikia barua nzuri ya kutafutia kazi kwingine. Maneno hayo yote aliyasema akifuta ubao.

Sikuwa na kwingine. Kuendesha gari ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na chumba nilichokaa nilikipata kwa kazi hiyo.

Mchana nilitembea kwa miguu hadi duka la Msomali mmoja wa Garissa, aliyeuza oili na vipuri Malakia. Nilimwomba nitazame tini la oili ya giaboksi, nikamwambia mapema kwamba sinunui. Aliliweka mbele yangu. Nyuma ya tini kulikuwa na maelezo ya Kiingereza kwa herufi ndogo. Kusoma kwangu ni kwa kidole, neno kwa neno, na maneno mengine niliyarudia mara tatu. Wateja wawili walikuja wakahudumiwa wakaondoka.

"Kijana, unasoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya marehemu," alisema mwenye duka. Nilitaka kulirudisha tini. "Hapana, soma. Tini haiozi."

Nilisoma hadi mwisho. Oili ipimwe ikiwa moto, gari likiwa mahali tambarare, gia ikiwa imepitishwa katika nafasi zote, na injini ikiwaka. Hapo nilielewa yale mambo mawili niliyoyaona. Injini ikizimwa, oili iliyokuwa juu kazini hushuka yote kulala chini, na kijiti huonyesha nyingi. Injini ikiwaka, kijiti hupima ile iliyobaki. Yetu ilikuwa karibu kwisha.

Kumweleza Mwalimu kwa mdomo nilijaribu mara mbili siku ile, na mara zote mbili nilimuuliza kama anataka nifagie ua. Kwa hiyo niliandika. Nilikaa ndani ya gari na karatasi ya daftari, na mistari minne ilinichukua karibu saa nzima. Niliandika hivi: "Mwalimu, oili haikupimwa vizuri. Hupimwa injini ikiwaka. Naomba tujaribu kabla ya Jumamosi. Nikikosea, usinilipe mwezi huu."

Aliisoma mlangoni, akairudia.

"Hili ulilijua tukiwa pale kwa fundi?"

"Kijiti kikavu nilikuwa nimekiona, Mwalimu."

"Ukanyamaza."

Alikunja karatasi akaitia mkobani, akaenda kuleta pesa za tini moja.

Alhamisi watoto walipokwisha kurudi makwao, tulianza safari, mimi na yeye. Ua wa shule uliinamia mtaroni, kwa hiyo nililiendesha gari taratibu hadi Nyakuron, penye uwanja wa saruji mbele ya kituo cha utamaduni, na mwendo huo uliipasha oili moto. Nilivuta breki ya mkono. Nikakanyaga breki ya mguu, nikapitisha gia katika kila nafasi, nikisubiri kidogo kwa kila moja, kisha nikairudisha kwenye nafasi ya kuegesha. Injini niliiacha ikinguruma. Mwalimu alitazama kipimo cha petroli.

Nilichomoa kijiti, nikakifuta kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, nikakirudisha mpaka mwisho, nikakichomoa. Ncha tu. Nilimpelekea akaona mwenyewe. Oili ilikuwa imekolea rangi, lakini haikuwa nyeusi na haikunuka kuungua.

Nilikuwa nimekata chupa ya maji na kuifunga mrija mwembamba wa mpira iwe faneli, kwa sababu oili hii huingilia kwenye tundu lile lile la kijiti. Nilimimina kidogo, nikasubiri, nikapima. Nikamimina tena. Tini lilisema ikizidi nayo huharibu, kwa hiyo sikuwa na haraka. Mwalimu alishika chupa kwa mikono miwili, na oili ikamchuruzikia kwenye saa. Tulipofika kwenye alama, tini la lita moja lilikuwa limebakiwa na kidogo sana.

Niliingia, nikaweka gia. Gari liliondoka kabla sijasema moja. Lilitetemeka kidogo lilipoingia gia ya pili, na mtetemo huo haukuisha kamwe, lakini lilikwenda. Tulizunguka uwanja mara tatu. Mwalimu aliniambia nipite njia ya Malakia.

Oili iliyopungua ilikuwa imekwenda mahali, na aliyeweza kupajua ni fundi. Alituona tukiingia, akaangalia gari likisimama bila kusita.

"Nani ameweka oili?"

Mwalimu alinitazama. Madereva walikuwepo.

"Ni mimi, Mzee," nilisema. "Nilipima injini ikiwaka."

Fundi alifungua boneti. Kisha akasema, "Washa." Alipima mwenyewe mara mbili. Halafu alitandika boksi chini, akaingia uvunguni, na baada ya muda akaniita nilale nitazame: mpira unaopeleka oili kwenye rejeta ulikuwa umepasuka karibu na kibano chake, umelowa oili nyekundu. Aliukata, akauvuta, akaufunga upya. Aliponiomba bisibisi aliniita "dereva."

Jumamosi mnunuzi alikuja na vijana wawili na kamba ya kuvutia gari. Nilikuwa naosha vioo. Nilikimbia ndani kumwita Mwalimu, na yeye, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari za watoto, alisema, "Mwambie wewe."

Nilitoka. Yule mtu alikuwa tayari ameinama mbele ya bampa akitafuta pa kufungia.

"Gari haliuzwi," nilimwambia. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Haliuzwi, limepona."

Alisimama, akanitazama, akalitazama gari. "Nani anasema?"

"Mimi. Mimi ndiye dereva."

Alitaka kuona. Nililiwasha, nikalipeleka hadi langoni, nikarudi kinyumenyume hadi pale alipokuwa amesimama. Akasema, "Kalas," yaani basi, akawaambia vijana wakunje kamba.