Kifurushi cha Exaucée

Katika kliniki moja pale Naviundu, mjini Lubumbashi, wagonjwa walikuwa wakiitwa na sauti ya msichana. "Numéro douze, mulango ya mbili. Kuya pole pole, mama," ilisema, na mtu mwenye homa alijikuta anatabasamu kabla hajainuka kwenye benchi. Wengi waliamini kwamba msichana huyo ameketi mahali fulani nyuma ya ukuta.

Nyuma ya ukuta aliketi Kapinga, mama mtu mzima mwenye miwani nzito, mtunzaji wa seva ya kliniki. Sauti ile ilikuwa ya binti yake, Exaucée. Naye Exaucée alikuwa amekwisha kufa.

Kapinga alizaliwa Lubumbashi na wazazi waliotoka Kasai. Alisoma informatique, elimu ya kompyuta, wakati wanawake darasani walikuwa wa kuhesabika, na hakuwahi kupenda kubofyabofya vipicha. Kazi yake aliifanya kwenye skrini nyeusi, kwa kuandika amri. Exaucée alikulia ubavuni pa kiti cha mama yake. Alipoanza kuandika programu zake mwenyewe, mama yake alikuwa mkali juu ya jambo moja.

"Usitupe-tupe mafaili mu mashine," alimwambia. "Kesho nani atajua iko wapi? Fanya paquet. Mashine itakumbuka kila kintu kenye uliweka, na siku ya kutoa, itatoa yote."

Basi Exaucée alipoitengeneza programu ya kuwaita wagonjwa, aliifunga vizuri katika kifurushi, akakiita mwito. Namba zote na milango yote alizirekodi kwa sauti yake mwenyewe, ndani ya chumba cha dawa, kwa kuwa huko hakukuwa na kelele. Kapinga aliandika amri ya kukisimika, na asubuhi iliyofuata benchi zima liligeuza shingo.

Kiangazi cha mwaka uliofuata Exaucée alikwenda Kilwa, ile ya huko huko kwao na si ya pwani, kumwona bibi yake, mzaa baba. Lori alilopanda lilipinduka njiani. Kompyuta yake, iliyokuwa na programu yote jinsi alivyoiandika, haikuonekana tena. Kilichobaki kwenye seva kilikuwa kama mkate uliokwisha kuokwa, sauti na programu zimeshikana: unaliwa, lakini huwezi kuurudisha unga.

Siku aliyorudi kazini baada ya matanga, Kapinga aliwasha mitambo kama kawaida, na kutoka ukumbini akasikia, "Kuya pole pole, mama." Alijifungia chooni, akakaa sakafuni, mpaka muuguzi Claudine alipokuja kumgongea. Lakini siku zilivyopita, sauti hiyohiyo ikawa ndiyo inayomtoa kitandani. Alifika mapema kuliko wote. Hakukubali likizo.

Mume wake, Anaclet, hakukanyaga kliniki hata mara moja.

"Miye siwezi," alisema. "Nitakaa pale, nisikie mutoto wangu anaita bantu bengine, na miye haniite?"

Tatizo ni kwamba kifurushi cha mwito kiliegemea vipande vya zamani vya mfumo. Kila mara mashine ilipotaka kujisasisha, ilimtaka Kapinga aviondoe vipande hivyo, na mwito pamoja navyo. Kapinga aliandika amri ya kukizuia kifurushi kisiguswe: apt-mark hold mwito. Mashine ikatii. Akaizuia mwezi huo, na mwingine, na mwaka ukapita, na seva ikawa inachakaa huku mlinzi wake akijua.

Asubuhi moja programu ya maabara ikakataa kuzungumza na seva hiyo kuukuu. Majibu ya damu ya mtoto mmoja yalikwama, daktari hayaoni. Mama yake alikaa kwenye benchi na mtoto mapajani, akingoja aitwe, na sauti ya Exaucée ikawaita wengine mmoja baada ya mwingine. Ni Claudine aliyeshtuka, akakimbia maabara, akarudi na karatasi mkononi. Mtoto alitibiwa, akapona. Lakini Kapinga alikuwa amesimama mlangoni mtoto alipopitishwa, na alikiona kichwa chake kidogo kinavyoning'inia.

Daktari Rigobert, mkuu wa kliniki, alikuja ofisini kwake, akavuta kiti.

"Mama Kapinga, miye sikuje kukugombeza."

"Najua, docteur."

"Programu mupya ya kuita iko na sauti yake. Kama ni magumu kwako, nitaita fundi Guelord wa mjini, atatoa ile paquet. Weye ukae nyumbani."

Kapinga alivua miwani. "Hapana. Miye njo niliweka. Nitatoa miye."

Alichagua Jumapili, baada ya misa, wakati ukumbi ulikuwa mtupu na jua la alasiri limelala juu ya mabenchi. Kwanza aliandika amri ya jaribio, ile inayoonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu, kama alivyomfundisha binti yake. Kisha akaondoa zuio. Hapo akasimama. Kuna amri ya kuondoa programu na kuiacha mipangilio yake, kama mtu anayehama akaacha koti msumarini. Na kuna purge, inayofuta vyote. Kwa mashine ya wagonjwa, alijua ipi inafaa. Aliandika: apt-get purge mwito.

Mashine ilimjibu kwa Kifaransa, lugha iliyowekwa humo: Les paquets suivants seront ENLEVÉS. Vifurushi vifuatavyo vitaondolewa. Chini yake jina moja tu, mwito, na kinyota pembeni, alama ya purge. Souhaitez-vous continuer? Je, ungependa kuendelea?

"Sipendi," Kapinga alisema kwa sauti, peke yake mle ndani. Akabonyeza herufi ya O, ya oui, yaani ndiyo.

Mistari michache ikapita. Haikuchukua hata muda wa pumzi moja. Halafu mashine ikatoa onyo ambalo hakulitegemea: folda ya mwito haikuwa tupu, kwa hiyo haikufutwa. Kulikuwa na kitu ndani yake ambacho kifurushi hakikijui, kitu kilichowekwa kwa mkono.

Kapinga aliifungua. Faili moja la sauti, jina lake essai. Jaribio. Binti yake alikuwa amekaidi. Alitupa faili ndani ya mashine na kulisahau.

Alilicheza. Exaucée alianza namba ya tisini na kitu, "Numéro quatre-vingt-dix..." ulimi ukamteleza. Akarudia, ukateleza tena, akaangua kicheko hadi akakohoa. Kisha, mbali kidogo, sauti ya mwanamke mwenye haraka ilisema: "Exaucée, wacha michezo. Bantu banangoya." Kicheko kikakatika. "Ndiyo, mama," alisema msichana, na faili likaisha.

Kapinga hakukumbuka kabisa kuwa alipita mlangoni pa chumba cha dawa siku ile. Alikaa akiitazama skrini, mikono mapajani, machozi yakimtiririka hadi shingoni bila kuyafuta. Kama angalijua, angalimwacha acheke. Angaliingia, akafunga mlango, akacheka naye.

Alilihamishia faili kwenye simu yake, akaifuta folda, akamaliza kazi ya kusasisha. Nyumbani Anaclet alimsubiri uani.

"Umetoa?"

"Nimetoa."

Anaclet aliinamisha kichwa. Kapinga alitaka kumwambia juu ya kicheko kile, lakini kilikatizwa na sauti yake yeye, na hakuweza bado kumsikilizisha mtu.

Jumatatu sauti mpya ilianza kazi. Ilikuwa Kifaransa kisafi, cha mwanamke ambaye huwezi kujua ni wa mji gani. Kapinga alipita ukumbini akamkuta bibi mmoja wa kisukari, mgonjwa wa kila mwezi, ameachwa na zamu yake bila kujua.

"Maman," bibi alimshika kitenge, "ule mutoto mwenye kutuita, eko wapi? Aliolewa?"

Tangu msiba, watu wote waliomzunguka Kapinga walikuwa wanajua tayari. Hakuwahi kulazimika kulitamka neno lenyewe.

"Alikufa, mama," alisema. "Alikuwa mutoto wangu."

Bibi alisogea kwenye benchi, akampapasia nafasi, na Kapinga akakaa.

"Aliitwa nani?"

"Exaucée."

"Exaucée," bibi alirudia taratibu. Ukutani sauti mpya iliita namba, ikaita nyingine. Bibi aliendelea kumshika mkono. Kapinga alipotulia, aliinuka, akampa bibi bega la kuegemea, wakaenda pamoja hadi mlango wa pili.