Kikapu cha Amwani Mlangoni mwa Maonyesho

Siku yangu ya kwanza kazini nilitundika picha sita ukutani, na zote sita zikashushwa. Mimi ni mfupi, hilo halina ubishi, na nilikuwa nimezitundika pale macho yangu yanapofika. Mhifadhi Mkuu, aliyekuwa bosi wa jumba letu la maonyesho pale Kayanga, alisimama nyuma yangu mikono mgongoni akauliza, "Dafroza, maonyesho haya ni ya watu au ya kuku?" Wenzangu wawili walicheka hadi wakashika ukuta. Nilitamani kurudi kwetu Nyabiyonza nikapalilie migomba.

Basi akanipa futi kamba na kunifundisha mstari wa jicho. Unapima kutoka sakafuni hadi usawa wa macho ya mtu wa kimo cha kawaida, unapiga alama kwa penseli, na katikati ya kila picha inakaa hapo, iwe kubwa iwe ndogo. Ninyi vijana mnaotundika kwa kukisia, mgeni hatawaambia kitu, lakini shingo itamuuma na atatoka mapema.

Kazi yetu watu hawaijui. Wanadhani maonyesho ni kupigilia misumari. Kabla ya msumari kuna kutembea vijijini kuazima vitu, kwa sababu jumba letu halikuwa na mali yake ya maana. Vyote vya thamani vilikuwa kwenye nyumba za watu. Unapoazima, unaandika hati ya azima, yaani makubaliano kati yako na mwenye kitu, na unaambatanisha ripoti ya hali. Ripoti hiyo inaeleza kitu kilivyo siku unapokichukua: ufa uko wapi, rangi imebanduka wapi. Ukikirudisha, mnasoma pamoja na mwenyewe, mstari kwa mstari, kisha anaweka sahihi. Mhifadhi Mkuu alikuwa akisema, "Hapa hatuna mali, Dafroza. Tuna kuaminika tu. Siku watu wakiacha kutuamini tutafunga tufuge kuku humu." Yule mzee na kuku zake, sijui walimkosea nini.

Baadaye nilihamishiwa Kyerwa kwa miaka kadhaa, kwenye ukumbi mdogo uliokuwa chini ya Mratibu wa Maonyesho, mama mmoja mkali kama pilipili ya shambani. Huko ndiko nilikojifunza kubeba imigongo. Ni mbao zenye michoro ya mistari iliyoinuka, inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha inapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wanawake wa Kimuli, ambao wazazi wao walitoka Rwanda, waliitengeneza vizuri ajabu. Ubao wa imigongo haushikwi juu hata siku moja; unashikwa chini, watu wawili, na unalazwa. Tuliufunga kwa majani makavu ya mgomba. Mratibu aliona majani akapiga kelele, "Wadudu!" Nikamwambia yameanikwa juani siku nne, mdudu gani huyo asiyekufa? Aliyakagua jani kwa jani, akanyamaza. Kwake huko kunyamaza kulikuwa ndiyo sifa.

Niliporudi Kayanga, Mhifadhi Mkuu alikuwa na mvi kichwa kizima na alikuwa ameniamini kiasi cha kunikabidhi maonyesho yangu mwenyewe. Yalihusu namna watu wa huku wanavyompokea mgeni. Nilikusanya mikeka, vibuyu, vigoda na imigongo ya Kimuli ya kupamba ukuta. Lakini kitovu cha maonyesho yote kilikuwa amwani, kahawa yetu ya kutafuna: buni zinachumwa mbichi, zinachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zinaanikwa, kisha zinawekwa kwenye kikapu kidogo. Mgeni akiingia, kabla ya neno lolote la maana, anapewa kikapu. Anachukua mbili tatu, anatafuna. Asipochukua, kuna kitu.

Kikapu bora kilikuwa kwa Ma Anjelina wa Kituntu, mjane, rika la mama yangu. Kilikuwa cha ukindu, cheupe na cheusi, chenye kifuniko cha ncha. Ndani yake mlikuwa na amwani zilizochemshwa na marehemu mumewe, Mzee Deo, msimu wa mwisho kabla hajafariki. Ma Anjelina hakuwa amezitafuna wala kumpa mtu. Wageni wake aliwapa nyingine, za kununua. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza alikataa, ya pili alinipa ndizi na kukataa, na ya tatu akasema, "Zirudi kama zilivyokwenda." Nikaandika kwenye ripoti ya hali: kikapu kizima, kahawa imefika msuko wa tano kutoka chini. Akaweka dole gumba.

Mhifadhi Mkuu akaniambia nikiweke ndani ya kabati la kioo. Mimi, kichwa kigumu, nikamjibu, "Mzee, kahawa ya mgeni ndani ya kioo si kumnyima mgeni?" Nilitaka kikapu kikae kwenye meza ndogo mlangoni, wazi, kama nyumbani. Alinitazama sana, akasema, "Maonyesho ni yako." Kibao cha "usiguse" nilikuwa nacho. Nisiwadanganye kwamba nilikisahau. Niliona kitaharibu meza yangu, nikakirudisha kwenye droo.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Mimi nilikuwa ndani, nanyoosha picha iliyopinda. Mlangoni alitangulia mzee mmoja wa Nyabiyonza mwenye kofia ya kahawia. Alifika mezani, akakuta kikapu cha amwani kimefunuliwa. Angefanya nini? Alivua kofia, akainama, akachukua mbili, akashukuru hewani, akatafuna. Waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Wanakwaya, walimu, akina mama wa Kimuli waliokuja kuangalia imigongo yao, kila mmoja kwa adabu zote. Hakuna aliyeiba. Mtu wa huku hapiti kikapu cha amwani mlangoni kwa mtu bila kuchukua, ni matusi.

Nilipotoka, yule mzee alinishika mikono miwili. "Mmetupokea vizuri, waitu, ndugu zetu. Na aliyechemsha hizi ni fundi. Miaka mingi sijaonja kama hizi."

Nikageuka mezani. Kikapu kilibaki na punje nne.

Yee mawe, mama yangu! Nilikaa kwenye kigoda cha maonyesho, kitu ambacho mfanyakazi haruhusiwi kabisa. Zile hazikuwa kahawa tu. Alikuwa mume wa mtu, na mimi nimemgawa kwa wageni mlangoni.

Mhifadhi Mkuu hakunigombeza; angenigombeza ingekuwa nafuu. Alisema, "Kesho utakwenda Kituntu mwenyewe. Yule mama akisema hatuaminiki, vitu vyote vya vijiji hivi vitaondoka humu wiki hii, na watakuwa na haki." Mwenzangu mmoja akaninong'oneza kwamba sokoni amwani zipo tele, zinafanana, nijaze kikapu hadi msuko wa tano na mama wa watu asijue maishani mwake.

Nataka mjue kwamba nilizinunua. Nilijaza hadi msuko wa tano, sawasawa na ripoti. Zile punje nne nilizifunga kwenye karatasi laini ya kufungia vitu vya makumbusho nikazitia mfukoni, sijui kwa nini. Nikapanda pikipiki, kikapu mapajani, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya uso wa mtu asiye na neno.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba, mwanangu. Umekileta kabla ya siku zake?"

Alikipokea kwa mikono miwili. Hakukifungua. Alikiweka pembeni kwa uangalifu, akaingia ndani, akatoka na kikapu chake kingine, cha kila siku, akaninyooshea. "Karibu."

Nilitazama zile amwani na mkono wangu ukakataa kwenda. Ma Anjelina akasubiri. Uso wake ukaanza kubadilika, kwa sababu kama nilivyosema, asiyechukua ana kitu.

"Ma, zimeliwa," nikasema. "Za Mzee zimeliwa. Hizo humo ndani ni za sokoni. Nilikuja kukudanganya." Nikalia kama mtoto, na umri wangu wote ule.

Ma Anjelina alikivuta karibu kile kikapu cha Mzee. Alifungua kikapu, akanusa, akakifunika. "Nimekukasirikia, Dafroza," akasema. "Usije ukadhani sijakasirika."

"Najua, Ma."

"Nani alianza?"

Nikamweleza. Yule mzee, kofia, mbili tu, alivyoinama. Akataka kujua walifuata akina nani, walikaa wapi, walizungumza nini. Nilimsimulia kila nilichosikia, hata mwalimu aliyeuliza zilichemshwa na nani. Nilipofika kwenye maneno ya yule mzee, kwamba aliyechemsha ni fundi, alinisimamisha.

"Alisema fundi?"

"Alisema miaka mingi hajaonja kama zile."

Ma Anjelina akafuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akacheka. "Deo angesikia hayo, tusingelala. Angeyarudia mpaka asubuhi." Halafu kicheko kikamwisha. "Alizichemsha kwa ajili ya wageni, na mimi nimekaa nazo miaka miwili nimezifunika."

Nikatoa ile karatasi mfukoni. Alizitazama punje nne, akachukua moja akaitia mdomoni, na moja akaniwekea kiganjani. "Tafuna." Tulitafuna. Zilikuwa laini, zina harufu ya majani ambayo mpaka leo siyajui jina. Mbili zilizobaki alizifunga kwenye pindo la kitenge.

Kisha akadai ile ripoti. Pale pa hali ya kitu kinaporudishwa, akaniamuru niandike: "Zimeliwa na wageni, na wageni wameshukuru." Akaweka dole gumba. Mhifadhi Mkuu aliposoma alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma upya. Hakuna kitu hata kimoja kilichoondolewa na wenyewe.

Nimestaafu mwaka jana. Hivi sasa mjini kuna maonyesho matatu kwa mpigo: imigongo kwenye jumba letu, picha za rangi za wanafunzi kwenye ukumbi wa parokia, na nguo za magome ya mti kwenye shule ya sekondari. Nayazungukia yote kwa miguu, nikiwasumbua vijana kuhusu lebo zao ndefu. Wananivumilia. Nikiulizwa nilichopata kazini, nasema nimeingia nyumba nyingi za watu na sijafungiwa mlango, na hilo linanitosha, nimeridhika kweli.

Msimu wa buni mbichi unapofika naenda Kituntu. Mwaka uliofuata tukio lile Ma Anjelina alirudi kwenye miti ya kahawa ya Mzee Deo, ambayo hakuwa ameigusa tangu msiba, na akaniita nimsaidie kuchuma. Mpaka leo tunachuma pamoja, naosha chungu, nachota maji, nachochea moto. Ila inapofika wakati wa kutia majani ananituma nje nikaangalie mbuzi. Msimu huu nikamwuliza, "Ma, hayo majani utanionyesha lini?" Akanitazama juu mpaka chini.

"Bado nakuangalia," akasema.