Uso Mkunjufu wa Mwanawetu

Tangu Saburi arudi kijijini kwao Chiola kutoka kukata pori kwenye mashamba ya karanga Nachingwea, kila tabasamu aliliona kama hasira. Ndugu walikuja kumjulia hali, wakamchekea, maana mgonjwa hupewa uso mkunjufu. Yeye akajifunika shuka mpaka walipoondoka.

Msimu wa ufuta, yeye na mkewe Mwanawetu walikuwa wakikung'uta matita, wamepeana mgongo kukwepa vumbi. Ghafla Saburi akasema kwa sauti yake ya zamani, "Mama Sabaha, ufuta wa mwaka huu mzuri."

Mwanawetu akageuka kwa furaha, akamchekea. Saburi akauona ule uso, akatupa tita, akakimbilia porini, asionekane tena.

Mpaka uzeeni Mwanawetu alijilaumu: laiti angempa kisogo, akamjibu tu, "Mzuri kweli, Baba Sabaha."